Jibini ya Diani na Mkono Tulioukataa

Habari ilinifikia Jumatano asubuhi nikiwa nasahihisha madaftari ya watoto wa darasa la nne: yule mpishi wa Waa amefariki dunia, maziko ni baada ya sala ya adhuhuri. Nikafunga madaftari, nikavaa kanzu, nikaenda. Wasomaji wangu mmezoea kunikuta hapa nikizungumza habari za bei ya nazi, barabara ya Likoni isiyokwisha kutengenezwa, na vijana wasiojua kuamkia wakubwa wao. Leo nimeshika kalamu nikiwa na hasira, na nakuombeni radhi mapema kwa sababu sikusudii kuificha. Sikukasirishwa na mauti. Mauti ni haki na kila nafsi itayaonja. Nimekasirishwa na wazikaji. Msikiti ulijaa mpaka watu wakapanga safu nje, jeneza likapokezanwa mabegani kwa kugombewa, na siku ya tatu, hitima iliposomwa, masinia ya wali yakaliwa mpaka yakang'aa. Wengi katika walaji wale ni watu ambao kwa miaka sita hawakutia mdomoni tonge lililopikwa na marehemu. Walikuwa wakisema mkono wake ni wa haramu. Nilimwona mmoja wao, mtu mzima mwenye ndevu zake, akiita aongezwe mchuzi. Nilimkazia macho ili aone haya, lakini nadhani alifikiri nami nataka mchuzi.

Marehemu hakuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulijuana, basi. Alinizidi umri kwa miaka kama kumi, nami nikimwita kaka na kumwamkia shikamoo, naye akiniita Mwalimu. Alizaliwa Waa katika nyumba ya wapishi. Babake ndiye aliyekuwa akiitwa kila palipokuwa na harusi au maulidi, kuanzia Ng'ombeni mpaka Tiwi, na pale alipokosekana watu walisema pilau haikuiva hata kama imeiva. Vita vilipotokea, mwana alichukuliwa jeshini, akatiwa jikoni, na huko bara, katika kambi ya mateka wa Kitaliani, mateka mmoja akamfundisha kukaanga jibini. Vita vilipokwisha mwaka wa arobaini na tano alirudi nyumbani na vitu viwili, koti la jeshi na ujuzi huo. Koti liliraruka. Ujuzi ulimpatia kazi Diani, kwa bwana mmoja wa Kizungu na mkewe waliokuwa na nyumba kubwa ya makuti ufukweni. Walikuwa watu wa karamu, na Jumamosi isiyokuwa na wageni kwao ilikuwa siku ya kununa.

Nieleze kitu chenyewe, maana watu wamehukumu wasichokijua. Jibini ni maziwa yaliyogandishwa na kukamuliwa maji mpaka yakawa magumu kama mche wa sabuni. Ile ya Diani ilitoka bara kwa gari la moshi, imevikwa nta nyekundu. Marehemu aliikata vipande vya urefu wa kidole, akavikausha kwa kitambaa, akavigaragaza katika unga wa ngano, akavichovya katika mayai yaliyopigwa na pilipili manga, kisha akavibiringisha katika chenga za mkate uliokaushwa juani na kutwangwa. Halafu vikawekwa katika friji, ile inayowashwa kwa mafuta ya taa, vikae saa nzima. Ndipo karai lilipotelekwa. Alitupa chenga moja katika mafuta, ikizama, bado, ikipanda juu papo hapo na kutoa povu pembeni, tayari. Vipande vikaingia vitano vitano, akahesabu moja mpaka kumi, akavitoa. Nje vilikuwa vikavu, ukiuma vinalia, na ndani laini, vinavutika nyuzi. Kando yake aliweka bakuli la ukwaju uliotiwa pilipili na sukari kidogo, jambo ambalo Mtaliani hakumfundisha.

Karamu ya kwanza alifedheheka. Ilikuwa Januari, joto la kaskazi, naye akavika chenga mara moja tu kama alivyofanya bara kwenye baridi. Vipande vikapasuka karaini, jibini yote ikamwagika katika mafuta, na wageni wakapewa njugu. “Jibini ni kama mtu mwenye siri, Mwalimu,” aliniambia siku moja akicheka. “Ukimvika nguo moja, joto likimbana kidogo anatoa yote. Mvike mbili.” Tangu hapo akawa anarudia mayai na chenga mara ya pili, na sifa zake zikaenea katika nyumba zote za Wazungu mpaka upande wa Chale. Memsahibu wake alikuwa akiwaambia wageni kwamba ule ni upishi wa mamake huko Ulaya. Marehemu aliyasikia hayo akiwa amesimama na sahani mkononi. “Mama yake namwombea kheri,” aliniambia. “Karai ni langu.”

Mimi niliingiaje katika nyumba ile? Nilikuwa nikimfundisha yule memsahibu Kiswahili, Jumanne na Jumamosi, barazani, yeye na kitabu chake na mimi na daftari langu. Alikuwa amekaa pwani miaka minane na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. Neno la kuomba hakuwa nalo hata moja. Nilipewa chai kwa kikombe chenye sahani yake, na biskuti mbili au tatu. Wakati ule nilikuwa nafundisha shule ya Waa, na mji mzima ulijua kwamba Mwalimu hunywa chai Diani. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza biskuti zile zimechanganywa na nini. Nilikuwa na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua, kwa hiyo nilichokula kilikuwa safi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, kulikuwa na karamu ya wageni ishirini kuanzia saa kumi na moja jioni, na mmoja wao alikuwa mkubwa katika mambo ya elimu. Memsahibu alikuwa ameniambia nibaki baada ya somo ili anijulishe kwake. Nilikuwa nangoja kupandishwa cheo, na kwa siku mbili nilikuwa nikijisemea peke yangu Kiingereza cha salamu. Mnamo saa tisa memsahibu alitoka ndani ameshika debe jipya, akaliweka juu ya meza yetu ya masomo, akamwita mpishi. Marehemu akaja, mikono myeupe kwa unga. Vipande vyake vyote vilikuwa vimekwisha kuvikwa.

“Leo wewe hapana tia mafuta ya simsim,” memsahibu alimwambia. “Nanuka sana. Tia hii.”

Marehemu akalitazama debe. Lilikuwa limeandikwa Kiingereza kitupu, naye hakujua kusoma. “Mwalimu,” akaniuliza, “haya ni mafuta gani?”

Mimi nilikuwa nimekwisha kusoma. Wallahi nilisoma mara tu debe lilipotua mezani. Na nilichomjibu ni hiki: “Ni mafuta ya Kizungu, kaka. Ya kupikia tu.”

Memsahibu akabandua kifuniko kwa kisu. Ndani mlikuwa na mafuta meupe yaliyoganda, laini, hayana harufu kubwa. Marehemu hakuyagusa. Aliinama, akanusa, akanyanyua uso akanitazama mimi; hakumtazama memsahibu. “Nisomee, Mwalimu,” akasema. “Neno kwa neno.”

Nikamsomea. Mafuta ya nguruwe, safi, kwa mapishi ya kila namna.

Akapangusa unga mikononi taratibu, kidole baada ya kidole. “Mwambie memsahibu, tena kwa Kiingereza ili aelewe vizuri. Nitampikia kwa ufuta, nitampikia kwa nazi, akitaka nitampikia kwa siagi yake mwenyewe. Kwa haya sipiki. Mikono hii ndiyo ninayotawadhia.”

Nikatafsiri, na katika kutafsiri nikayapunguza makali. Hata hivyo memsahibu aliiva uso mzima. Akanijibu Kiingereza cha haraka haraka, nami nikageuza: “Anasema wageni watafika saa kumi na moja. Anasema hajakwambia uyale, amekwambia uyapikie. Upike au uondoke.”

“Mwambie ahsante kwa miaka saba,” akasema marehemu.

Akavua aproni, akaikunja, akaiweka mezani kando ya debe. Kisha akarudi jikoni, nami nilidhani anakwenda kuvunja kitu, maana mimi kwa hasira kama zile ningevunja. Hakuvunja. Jikoni mlikuwa na mtumishi mwenzake, Mkamba, mtu wa dini nyingine ambaye mafuta yale kwake hayakuwa kosa wala hakuna wa kumlaumu. Nilimsikia marehemu akimwelekeza kwa upole kama anavyoelekezwa mgeni njia. “Saa nzima katika friji, usipunguze. Tia vitano vitano. Ukifika kumi toa, usingoje rangi.” Hakutaka chakula cha wageni kiharibike, hata wageni wa mtu aliyemfukuza. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma na kisu chake mwenyewe amekifunga katika kitambaa. Nyumbani alikuwa na mke na watoto wanne, na njia ya riziki yao alikuwa ameifunga kwa mkono wake saa ile.

Alipokwenda baadaye kuomba cheti cha kazi, kile ambacho mpishi hana budi kukionyesha akitaka mlango mwingine, memsahibu alimwandikia mstari mmoja. Najua kwa sababu aliniletea nimsomee. Mpishi mzuri, mkaidi, si wa kutegemewa siku ya wageni. Miaka saba ya kuungua vidole kwa ajili ya karamu za watu, na malipo yake ni mstari huo. Kila nyumba ya ufukweni ilipousoma ilimrudishia cheti chake na kufunga mlango. Wapo wasomaji watakaosema hayo ndiyo mambo ya Wazungu, na nyumba ni yake, amwajiri amtakaye. Sawa. Lakini mtu aliyekataa jambo moja kwa adabu, na akaacha chakula kimeandaliwa, kumwita mkaidi ni kumvunjia mtu jina lake huku unakunywa chai. Nilikasirika niliposoma, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Najua mnataka kuniuliza: na wewe Mwalimu, siku ile ulifanya nini? Nilibaki. Saa kumi na moja wageni wakafika, nikajulishwa kwa yule mkubwa wa elimu, naye akakisifu Kiingereza changu. Memsahibu mwenyewe akaja na sahani, ametabasamu. Vipande vilikuwa vimepangwa vizuri, vya rangi ya dhahabu, vinatoa moshi. Nilijua vimekaangwa kwa mafuta gani kuliko mtu yeyote aliyesimama pale. Nilichukua kimoja, nikala. Kisha nikachukua cha pili, ili isionekane kwamba cha kwanza nilikula kwa adabu tu. Cheo nilikipata mwaka uliofuata.

Jumatatu yake, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kahawa pale Waa. Akapita mtu mmoja anayetunza bustani huko Diani, akasema, “Mpishi wetu amefukuzwa kwa mambo ya mafuta ya nguruwe.” Akanywa kikombe chake akaenda zake. Maneno yake yalikuwa ya kweli, ila yamekatwa nusu. Mpaka magharibi mji ulikuwa umeshaijazia ile nusu iliyobaki: kumbe miaka saba yote alikuwa akikaangia mafuta hayo. Mpaka Ijumaa ilikuwa amefukuzwa kwa kuyaiba na kuyapeleka kwa mkewe. Mzee mmoja wa pale kwenye benchi aliniuliza, “Mwalimu, wewe si hufika katika nyumba ile? Ni kweli haya?” Nikamjibu, “Mimi huwa barazani na vitabu, Mzee. Mambo ya jikoni siyajui.” Akatikisa kichwa, akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sijui methali iliyowadhulumu watu wengi katika pwani hii kuliko hiyo. Ni methali ya mtu mvivu wa kuuliza. Lile lililosemwa halikuwapo, na lilikuja kwa sababu sisi tuliliita.

Marehemu hakukaa kimya kwa upande wake. Alikwenda msikitini, akasema mbele ya wazee kwamba alipewa mafuta yale siku moja tu, na siku hiyo hiyo akayakataa, na ndiyo sababu ya kufukuzwa kwake. Wakamwambia hayo kila mtu angeyasema; shahidi wako ni nani? Mimi nilikuwa safu ya pili. Nikatazama mkeka. Yeye akasema, “Shahidi wangu ni Mungu.” Wakaguna. Waliona ni jibu la mtu asiyekuwa na shahidi, na kuanzia hapo hakuna aliyemwuliza tena.

Sijui kama wasomaji wa mbali wanaelewa uzito wa jambo hili. Katika miji yetu shughuli haina mpishi wa kuajiriwa. Harusi ikifika, wanaume hukusanyika nyuma ya nyumba, hufukua meko matatu, na mmoja anayejulikana kwa mkono wake huitwa kusimamia sufuria. Kuitwa ni heshima kuliko kukalishwa mbele. Babake aliitwa maisha yake yote. Yeye, tangu siku ile, hakuitwa hata kumenya vitunguu. Mambo yalifikia mahali ambapo binti yake mwenyewe aliposwa, na wakwe, watu wazuri kwa mambo mengine, wakatuma ujumbe kwamba wanakubali kila kitu ila baba wa bibi harusi asishike mwiko. Nilihudhuria harusi ile. Nilimwona amesimama kando ya kiambaza cha nyumba yake, mikono nyuma, akitazama mtu mwingine anakoroga sufuria kubwa ya babake. Pilau ilizidi chumvi. Watu waliisifu, wakala, wakamega ukoko.

Na Idd moja alijaribu mara ya mwisho. Desturi yetu ni kila nyumba kupeleka sinia barazani msikitini baada ya sala, watu wale pamoja. Yeye alikuwa amepata jibini kutoka Mombasa, akaikaanga kwa mafuta ya ufuta aliyoyanunua kwa mkamuaji wa pale pale Waa, mchana, watu wakimwona, na karai likiwa nje uani ili kila apitaye atazame. Akaleta sinia lenyewe kichwani. “Idd mubarak, jamaa zangu. Karibuni,” akasema. “Ufuta ni wa huyu hapa, mwulizeni.” Mkamuaji akatazama vidole vya miguu yake, naye alikuwa na hakika ya mafuta yake kuliko mtu yeyote. Sinia likasogezwa kutoka mtu hadi mtu, kila mmoja akilipitisha kwa mwenziwe kwa adabu kubwa, mpaka likafika kwangu. “Mwalimu, karibu,” akaniambia. Nilisema, “Ahsante kaka, nimeshiba.” Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi na sikuwa nimetia kitu tumboni. Akasema, “Haya, Mwalimu. Afya.” Akalichukua sinia lake akarudi nalo nyumbani.

Nimeifikiri sana Idd ile, na kila nikiifikiri naona jinsi tulivyokuwa na kipimo cha ajabu. Wapo miongoni mwetu wanaobeba chupa za ulevi katika hoteli za Diani kila siku ya Mungu, na sadaka zao hupokelewa, na ni sawa, mtu anatafuta riziki. Yupo dereva anayewapeleka Wazungu kuwinda nguruwe mwitu na kurudi na mzoga nyuma ya gari lile lile, na huyo kila mtu humpa salamu. Yupo karani, yupo mwalimu. Sote tulikula katika chungu kimoja cha watu wale wale, na tukakubaliana kimya kimya kutoulizana. Basi mji ulipoona haja ya kujitakasa, ulimchagua mmoja abebe uchafu wa wote, na ukamchagua yule aliyesema hapana. Nadhani ndicho kilichotuudhi kwake. Mtu akikataa, anawafanya waliokubali waonekane. Ni rahisi kumwita mchafu kuliko kujitazama. Haya si mambo ya dini. Dini inataka ushahidi kabla ya kumtuhumu mtu, na kila mmoja wetu aliyasoma hayo katika chuo cha Kurani akiwa mtoto.

Baada ya hapo alilima. Alipanda muhogo na kunde, akauza nazi chache, mikono ile ya vidole vilivyohesabu mpaka kumi ikashika jembe. Hakulalamika nilipokutana naye njiani; aliitikia shikamoo yangu, akauliza hali za watoto, akaenda. Mimi nikahamishwa Kwale, nikafurahi, kwa sababu sikulazimika tena kuipita njia ile. Mwaka huu akaugua kifua, na Jumatano hiyo akafariki.

Mnajua desturi ya maziko. Sala ilipokwisha, kabla ya jeneza kunyanyuliwa, imamu aligeuka akauliza, “Ndugu zangu, mnamshuhudiaje maiti huyu?” Na watu wale, wote, wa benchi la kahawa na wa masinia ya Idd, na mkamuaji wa ufuta, wakaitikia kwa sauti moja, “Mtu mwema.” Imamu akauliza mara ya pili, na ya tatu, na kila mara sauti ilizidi kupanda. Hapo ndipo damu iliponichemka. Kumbe tulikuwa nao ushahidi huu vifuani mwetu siku zote. Tulimfichia mtu miaka sita, tukautoa siku ambayo yeye hausikii. Na mimi, msidhani nilinyamaza. Sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote.

Siku ya tatu, watu walipokwisha kutawanyika, nilikwenda mlangoni kwa mjane. Yumo edani, kwa hiyo nilikaa ukumbini na yeye ndani, pazia katikati. Nilimwambia, “Shemeji, nimekuja kukuomba radhi, na kupitia kwako nimwombe marehemu.”

“Radhi ya lipi, Mwalimu?” akauliza. Sauti yake ilikuwa tulivu. “Ya kunyamaza, au ya kula?”

Kisha akaendelea mwenyewe. “Yule Mkamba alikuja hapa Jumapili yake kumpa pole, akamweleza yote, wewe ulivyosimama na wageni na vipande viwili ulivyochukua. Kwa hiyo alijua. Nami kila mwaka nilimwambia, mume wangu, mtaje Mwalimu. Mtaje pale msikitini, alikuwepo, alikusomea debe kwa mdomo wake, watamwamini. Kila mwaka jibu lake lilikuwa moja. Alisema, ‘Mwalimu akisimama kunishuhudia, watamwuliza naye alikula nini siku ile. Ana watoto wa watu anawafundisha. Jina moja lililochafuka latosha.’”

Nilirudi Kwale kwa miguu, mwendo mzima, na nimekaa siku nne kabla ya kuandika haya. Wahariri wataniambia safu hii ni ya mambo ya jamii, si ya kutubia. Na baadhi yenu mtaacha kuisoma, na pengine mzazi mmoja au wawili watamwondoa mtoto darasani kwangu. Waondoe. Nilikuwepo. Debe nililisoma. Alikataa mbele ya macho yangu, na kila chakula alichowahi kutuletea kilikuwa halali kuliko nilichokuwa nimekwisha kukila mimi. Mwenyezi Mungu amlaze pema. Nanyi mlio hai, ikiwa mnamjua mtu kwa wema na mnasikia akisemwa, msimngojee imamu aulize. Semeni leo, akiwa anasikia, hata kama nanyi mtaulizwa mlikula nini.